Mkojo mwekundu baada ya shimio, na homa iliyotajwa mwishoni

“Jambo, daktari. Mama yetu ana miaka 54, tunaishi Kadutu hapa Bukavu. Alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya kansa, halafu wakaanza kumpa shimio, yaani dawa za kuua kansa: moja nyekundu na nyingine nyeupe kama maji, kila baada ya wiki tatu, mara nne. Siku ya kwanza, jioni, alikojoa mkojo mwekundu, akalia sana akisema dawa imemkata ndani. Tangu siku hiyo majirani wanaiita dawa ya shetani. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano na anakataa hata kugusa sahani ya mama, na watoto tumewatoa katika chumba chake. Leo asubuhi nywele zimeanza kutoka. Kuna mtu sokoni anayeuza miti ya kusafisha damu. Anasema mama aache shimio anywe miti yake mwezi mmoja. Mama mwenyewe hataki kurudi kwa dawa ya pili, na zimebaki siku kumi. Je, dawa hii inatibu au inaua? Jana usiku pia mwili wake ulikuwa moto kidogo, tukampa parasetamoli na vidonge vya malaria, akalala.”

Dada mpendwa, umeandika mambo mengi ya kutisha, kisha mwishoni kabisa ukaongeza moja kana kwamba ni dogo, na ni hilo la mwisho lililonifanya nikutumie ujumbe asubuhi ileile kabla ya kuandika jibu hili: mpelekeni mama hospitali sasa hivi, msingoje jioni. Umenijulisha baadaye kwamba amelazwa na kwamba anapewa antibiotiki kwa njia ya mshipa, na moyo wangu umetulia. Sasa naweza kukueleza kwa nini nilikuharakisha, halafu tuyarudie maswali yako mengine. Mimi ni mfamasia. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuandaa dawa hizi na kukaa na familia zinazozipokea, na najua kwamba kinachowatisha watu nyumbani mara nyingi sicho kinachowadhuru.

Dawa nyekundu ni doksorubisini, na ile nyeupe, kwa mpango uliounukuu, ni siklofosfamidi. Zote mbili hushambulia chembe za mwili wakati zinapojigawa. Doksorubisini huingia katikati ya nyuzi za urithi zilizo ndani ya chembe na kuzuia kazi ya kimeng’enya kinachozikata na kuziunga upya, hata chembe inayotaka kujigawa ikashindwa na kufa. Kansa hujigawa bila kupumzika, kwa hiyo huumia sana. Lakini dawa haina macho. Mwilini mna sehemu nyingine zinazojigawa haraka kwa kazi halali: mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo na utumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Karibu kila taabu uliyoiona kwa mama, na kila taabu utakayoiona, inatoka katika sehemu hizo tatu.

Uboho ndio wa kuangalia kwa makini. Chembe nyeupe za damu zinazopigana na bakteria haziishi siku nyingi. Uboho hulazimika kuzizalisha mchana na usiku. Dawa inapousimamisha uboho, zile zilizokwisha kuingia katika damu huendelea na kazi kwa siku chache, kisha huisha, na nyingine hazijafika. Ukihesabu siku ya dawa kuwa siku ya 1, upungufu huanza kuonekana karibu na siku ya 7, hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14, na kwa kawaida damu hurudi katika hali yake karibu na siku ya 21. Ndiyo sababu mama anaitwa kila baada ya wiki tatu. Na ndiyo sababu joto la mwili la usiku wa siku ya 11 lilinishtua.

Kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Usaha, uvimbe, wekundu wa kidonda, makohozi mazito, vyote hivi tunavyovitafuta ili tujue kwamba mtu ana maambukizi, kwa sehemu kubwa hutengenezwa na chembe nyeupe zenyewe zinapopigana. Zisipokuwepo, bakteria huweza kuingia katika damu na kuenea huku mgonjwa hana kidonda wala kikohozi, na picha ya mapafu haionyeshi kitu. Kengele moja tu hubaki inalia, nayo ni homa. Mgonjwa akipewa parasetamoli kabla ya kupimwa, kengele hiyo huzimwa, naye hulala usingizi mzuri wakati ugonjwa unaendelea. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuongea vizuri jioni na kuwa hajitambui alfajiri.

Sikulaumu kwa vidonge vya malaria. Hapa kwetu kila homa huanza kwa kuitwa malaria, na mara nyingi ndiyo. Ila kwa mtu aliye katika shimio, kipimo cha malaria kikionyesha kwamba anayo, hakijathibitisha kwamba hana pia maambukizi ya bakteria. Atibiwe malaria, na antibiotiki zisisubiri. Hospitali zinazofuata taratibu nzuri hujitahidi dozi ya kwanza ya antibiotiki iingie ndani ya saa 1 tangu mgonjwa afike, kwa sababu saa zina uzito hapa. Nunueni kipimajoto, kiwekwe mahali ambapo hata mtoto wa shule anaweza kukipata gizani. Kikisoma 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kama kinasoma chini ya hapo, ni safari ya hospitali, iwe saa nane za mchana au saa nane za usiku. Usiku Bukavu si rahisi, najua. Kwa hiyo mjue mapema ni motari gani, yaani mwenye pikipiki, mtakayempigia simu na ni jirani gani mwenye gari, msianze kutafuta wakati homa imeshapanda.

Mkifika, msikae kwenye benchi mkingojea zamu pamoja na watu wa kikohozi. Mwambieni mtu wa kwanza aliyevaa koti jeupe maneno haya: “Mama yuko kwenye shimio, leo ni siku ya 11, ana homa.” Mwenye mafunzo akisikia sentensi hiyo atasimama. Asiposimama, irudieni, na ombeni daktari. Ombeni pia kipimo cha hesabu ya chembe za damu, kile ambacho maabara zetu hukiandika NFS. Nimewahi kumwona mama mmoja aliyekaa kwa saa tatu kwenye foleni kwa sababu binti yake alikuwa mpole mno kusema zaidi ya “ana homa”. Upole ni tabia njema, lakini siku hiyo muuweke pembeni.

Katika siku hizo za upungufu msimpige lavema (bomba la kusafisha tumbo kupitia haja kubwa), ya dawa za kienyeji wala ya maji matupu, na msimwekee dawa za kupitia haja kubwa, kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo ni dhaifu na mchubuko mdogo ni mlango wa bakteria kuingia katika damu. Msimchome sindano ya msuli kwa mwuguzi wa mtaani, na akiumwa kichwa au viungo msimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki bila ruhusa ya daktari wake: chembe za kugandisha damu nazo hushuka, na dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu.

Sasa tuje kwenye mkojo mwekundu. Doksorubisini ni nyekundu kwa asili. Asili yake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa kusini mwa Italia, karibu na ngome ya Castel del Monte, ambao hutoa rangi nyekundu. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa huko waligundua kwamba dutu hiyo hupigana na kansa. Ninapoivuta kwenye bomba la sindano, inang’aa kama juisi ya ngaingai. Ikishaingia katika damu, sehemu yake ndogo hupita kwenye figo na kutoka na rangi yake ileile, ndani ya saa chache, kwa siku 1 au 2. Mama hakukatwa ndani. Alikojoa rangi ya dawa, na kosa lilikuwa letu sisi tuliompa dawa bila kumwonya, kwa maana mtu asiyeonywa akiona wekundu chooni hawezi kufikiri kitu kingine ila damu. Jina la shetani nalo halikuzaliwa Kadutu: wagonjwa wa nchi nyingine pia wameiita dawa hii shetani mwekundu kwa sababu ya rangi hiyo hiyo.

Hata hivyo mkojo una tahadhari yake, nayo inatoka kwa ile dawa nyeupe ambayo hakuna aliyeiogopa. Siklofosfamidi ikivunjwa na mwili huacha mabaki yanayochoma kibofu yakikaa humo muda mrefu, na mara chache huleta damu ya kweli. Kwa hiyo siku ya dawa na siku inayofuata mama anywe maji ya kutosha, lita 2 au zaidi ikiwa daktari hajamwekea mpaka, na akojoe mara kwa mara, hata aamshwe usiku mara moja. Tofauti ni hii: rangi ya dawa huja siku ileile, haiumi, na huondoka. Wekundu unaokuja baada ya siku hizo, wenye maumivu wakati wa kukojoa au wenye mabonge, ni damu, na unahitaji kuonwa.

Wifi yako si mtu mbaya, na hofu yake ina punje ya ukweli ndani yake. Kwa siku 2 hadi 3 baada ya dawa, mkojo, kinyesi na matapishi ya mama huwa na mabaki ya dawa, na mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha hafai kuvigusa. Basi, kazi hiyo aifanye mwingine, akiwa amevaa glavu. Zikikosekana, mifuko ya plastiki isiyotoboka mikononi inasaidia, kisha anawe kwa sabuni. Shuka au nguo iliyochafuka ifuliwe peke yake, mara mbili. Kama choo ni cha watu wote wa kiwanja, mama akae anapokitumia ili mkojo usiruke, pamwagiwe maji mengi, na kifuniko kirudishwe. Zaidi ya hapo hakuna kizuizi. Sahani iliyooshwa kama sahani nyingine haina dawa. Wifi anaweza kumpikia, kumsuka, kukaa naye kitanda kimoja na kumkumbatia. Shimio si mionzi wala haiambukizi.

Na watoto mliowatoa chumbani mmewatoa kwa sababu iliyopinduka. Mama hawezi kuwadhuru. Wao, wakiwa na mafua, surua au tetekuwanga, ndio wanaoweza kumdhuru bibi yao katika wiki ya pili. Mtoto asiye mgonjwa, aliyenawa mikono, na arudi kwa bibi, kwa sababu nyumba iliyonyamaza humshusha mgonjwa moyo kuliko dawa. Mtoto mwenye kikohozi angoje apone.

Nywele za mama zitatoka karibu zote, na kwa dawa hii hilo ni la kawaida kabisa, huanza wiki ya pili au ya tatu. Zitaota tena miezi michache baada ya dawa ya mwisho, pengine zikiwa laini zaidi mwanzoni. Mnyoeni sasa, kwa mashine na si kwa wembe, asione mashungi kwenye mto kila asubuhi. Na kama dada zake watakaa naye wakati wa kumnyoa, litakuwa jambo jepesi kwake. Kucha na mishipa ya mkono inaweza kuwa myeusi, nayo hufifia polepole. Mdomoni zinaweza kutokea vidonda: asukutue mara nne kwa siku kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko 1 cha chai cha chumvi na kijiko 1 cha bikaboneti, na atumie mswaki laini. Akishindwa kunywa maji kwa sababu ya vidonda, au akitapika siku nzima bila kitu kubaki tumboni, arudi hospitali. Kuna dawa za kichefuchefu za kuongezwa, hana haja ya kuvumilia. Kuhusu chakula, yanayosemwa ni mengi, kwamba nyama hulisha kansa, kwamba asile samaki. Ale sambaza zilizoiva vizuri, sombe, maharage, mayai yaliyokaza, uji. Chakula kiwe cha moto na kilichopikwa siku hiyo, maji yachemshwe, matunda yamenywe.

Mahali ambapo dawa nyekundu inastahili kuogopwa kweli ni pawili, na sitakuficha. Kwanza ni mshipa. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama za mkono na inaweza kuacha kidonda kirefu kisichofunga. Kwa hiyo dawa inapoingia mama asisinzie, na akihisi kuungua, kuchomwa au kuona uvimbe aseme wakati huohuo, hata kama mwuguzi ana kazi nyingi, ili isimamishwe. Akirudi nyumbani na mahali pa sindano pakawa pekundu, pakavimba au pakauma kadiri siku zinavyokwenda, asipakandamize kwa maji ya moto, arudi paonwe.

Pili ni moyo. Misuli ya moyo haijigawi kama uboho, kwa hiyo ikiumia haijazi nafasi kirahisi, na madhara ya dawa hii juu yake hujumlishwa kutoka dozi hadi dozi, maisha yote. Kwa sababu hiyo madaktari huhesabu. Mpango wa kawaida wa namna hii hutoa miligramu 60 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na mara nne ni 240. Kikomo kinachoheshimiwa kwa maisha yote ni kati ya 450 na 550. Mama atamaliza akiwa mbali na kikomo, na hatari kwake ni ndogo, ila si sufuri, hasa kama ana shinikizo la damu la muda mrefu au aliwahi kuugua moyo. Muulize daktari kama moyo ulipigwa picha ya ekografia kabla ya kuanza. Kama haukupigwa, si aibu kuomba ufanyiwe kabla ya dawa ya pili. Na ninyi wa Kadutu mna kipimo chenu cha kila siku: mlima. Mama aliyekuwa akipanda kutoka sokoni bila kusimama, akianza kusimama mara tatu, au akihitaji mito miwili ili alale, au miguu ikivimba jioni, aonwe wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa upungufu wa damu tu, lakini apimwe. Dalili hizi zinaweza kuja hata miaka baada ya matibabu, basi mwaka wowote atakaokwenda kwa daktari mwingine, aseme kwamba alipewa doksorubisini na dozi yake ilikuwa kiasi gani. Andikeni kwenye daftari lake.

Nimebakiza mwuza miti. Sisemi kwamba miti haina nguvu. Nasema kwamba kwa sababu ina nguvu haifai kuchanganywa na dawa hizi bila kujulikana. Artemisia, kongobololo, aloe na michanganyiko isiyo na jina hupita kwenye ini lilelile linaloshughulikia shimio, na ile ya “kusafisha” kwa kuharisha humkausha mtu ambaye utumbo wake tayari umechubuka. Kama mama ameshakunywa kitu, mwambie daktari bila kuona haya. Na mpango wa kuacha shimio mwezi mmoja ili ajaribu miti nauogopa kuliko kitu kingine ulichoandika, isipokuwa ile homa. Daktari wa upasuaji alitoa uvimbe unaoonekana. Shimio inafuata chembe ambazo huenda zilitoroka na ambazo hakuna picha inayoziona. Mwezi huo utakuwa wa chembe hizo.

Unauliza kama inatibu au inaua. Ni dawa kali iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo imeongeza miaka ya maisha ya wanawake wengi wenye kansa ya titi, na ambayo inaweza kuua mgonjwa asiyefuatiliwa katika wiki ya pili. Yote mawili ni kweli. Haimhakikishii mama kupona, na daktari wake anapaswa kumwambia wazi, kwa kansa ya aina yake, ni faida gani anayotarajia. Mama ana haki ya kukataa. Ila akatae akiwa ameelezwa hayo, asikatae kwa sababu ya rangi ya mkojo ambayo hakuna aliyemweleza.

Tena, kati ya kuendelea na kuacha kuna njia ambazo familia nyingi hazijui. Baada ya homa hii daktari anaweza kusogeza dawa ya pili kwa wiki moja hadi damu irudi, na kusogeza si kuacha. Anaweza kupunguza dozi, au kuagiza filgrastimu, sindano ya kuamsha uboho, ingawa bei yake ni nzito na haipatikani kila mahali. Kabla ya kila dawa NFS lazima irudiwe. Dawa isitolewe kwa kumtazama mgonjwa tu. Ulizeni pia kama mama alipimwa homa ya ini ya aina ya B, kwa sababu virusi vyake vikiwa vimelala huweza kuamka wakati wa shimio, na kuna vidonge vya kuvizuia. Na mkilazimika kuvuka mpaka wa Ruzizi kwa ajili ya matibabu, asichomwe chanjo ya homa ya manjano kwa sasa, kwa kuwa ina virusi hai. Daktari amwandikie barua ya kumsamehe chanjo hiyo.

Atakapokubali, nenda naye wewe. Beba daftari, kipimajoto na chupa ya maji. Jioni ile mtakaporudi nyumbani, kabla hajaamka kwenda chooni, mshike mkono umwambie: “Mama, utakojoa mwekundu leo na kesho. Ni dawa inatoka.”